Sauti ya Kinanda cha Saba

Mchesi, Lilongwe
Jumatatu, tarehe 10 Juni 2013

Kwako Yaya Régine, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, na kwa upendo wote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko kambini Dzaleka haijawashinda mwaka huu. Huku Lilongwe nako kila asubuhi tunaota jua ukutani kama mijusi. Goti la Mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyoituma mwezi uliopita ilifika? Na mahindi mmeshayapukuchua, au bado yako juani? Mimi mwilini sijambo. Chakula nakula, kazi nafanya, ila usingizi umenikataa.

Najua mmenipigia simu tangu Alhamisi, na sikupokea. Nisamehe. Simu yenu ni moja, Mama ndiye anayeishika kwanza, na akishaishika huweka sauti ya wazi ili nyumba nzima isikie. Maneno niliyo nayo hayafai kusikiwa na nyumba nzima. Ndiyo sababu nimeandika, nikampa Maman Annie, anayesafiri kuja huko, barua hii mkononi na kumwomba asiitoe mpaka akuone wewe mwenyewe. Isome ukiwa peke yako. Ukishamaliza, utajua la kufanya kuliko mimi.

Sijui mmesikia nini mpaka leo. Rosalie wa kwaya yenu, ambaye huja huku kila Jumatano kujifunza kinanda, alikuwapo mambo yalipotokea, kwa hiyo nina hakika habari ya kwanza ilifika Dzaleka jioni ileile: kwamba mimi Arlène nimemgundua muuaji wa baba yetu darasani. Habari ya pili lazima imefika jana baada ya ibada: kwamba yule si muuaji, ni mwokozi. Yaya, habari zote mbili zimeanzia mdomoni mwangu, na hakuna hata moja iliyo kamili. Niruhusu nikueleze tangu mwanzo.

Unajua kwamba tangu mwaka jana namsaidia Mayi Kachale, mwalimu Mmalawi wa kituo cha muziki. Lakini sijawahi kukueleza chumba chenyewe kilivyo. Kina vinanda kumi na viwili vya umeme, na kila mwanafunzi anavaa hedifoni masikioni, yenye maiki ndogo mbele ya mdomo. Mgeni akiingia atadhani watu wamerukwa na akili, kwa maana wote wanapiga na muziki hakuna. Unasikia vidole tu vikigonga vibonye, kama mvua inapoanza juu ya mabati. Muziki wenyewe unapita kwenye nyaya na kuishia mezani kwa mwalimu, ndani ya chombo tunachokiita konsoli. Konsoli ina vitufe vyenye namba. Nikibonyeza namba tatu, namsikia mtu wa kinanda cha tatu peke yake, na nikisema, ananisikia yeye peke yake. Naweza kumwambia amekosea bila jirani yake kujua. Naweza kuwaunganisha wawili wapige pamoja. Na pembeni kuna kitufe kikubwa cha watu wote. Ukikibonyeza, kila mtu anamsikia kila mtu mpaka ukibonyeze tena kukizima. Mimi hukaa kwenye konsoli wakati Mayi Kachale anazunguka kuangalia vidole, kwa sababu yeye hajui Kiswahili wala Kifaransa, na nusu ya wanafunzi wa Jumatano ni watu wetu.

Kazi hiyo niliipenda, Yaya. Kwenye konsoli mtu hana sura. Hujui amevaa nini, hujui ni tajiri au maskini. Una sauti yake tu, karibu kuliko ya mtu aliyekaa begani pako, mpaka pumzi unaisikia.

Kinanda cha saba ni cha Bwana Byamungu. Humjui. Ni fundi cherehani wa hapa Mchesi, mtu wa miaka ishirini na kitu, ana mke anayeitwa Esperance na watoto watatu wadogo. Alijiandikisha mwezi wa nne kwa sababu kanisa lao lilinunua kinanda na hakuna aliyejua kukipiga. Ni mpole, hakosi saa. Salamu zetu zilikuwa za mlangoni, za Kichewa, muli bwanji, ndili bwino, kisha kila mtu anakwenda mahali pake. Darasani alijibu kwa Kifaransa, kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu wote wenye masikio yaliyozibwa. Miezi miwili nilimwona kila wiki, na moyo wangu haukuniambia kitu.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano, waya wa hedifoni yake ulikuwa umelegea. Nilisikia mikwaruzo kwenye namba saba, nikabonyeza na kumwuliza kwa Kiswahili kama kuna tatizo. Akacheka kidogo, akaisogeza maiki mdomoni asiwasumbue wenzake, akanijibu kwa mnong'ono.

"Hapana kitu, mwalimu. Iko panya tu."

Yaya, mkono wangu ulibaki palepale juu ya kitufe. Ndani ya kinywa nikapata ladha ya vumbi, vumbi la zamani la mbao na kinyesi cha popo. Mayi Kachale alinigusa bega na kuniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni kichwa. Nikaivua hedifoni, nikatoka nje, nikashika ukuta.

Wewe hukuwapo siku ile ya Uvira. Ulikuwa Bukavu kwa mjomba, shuleni, na ulipotupata Dzaleka miaka mitatu baadaye, Mama alikuambia tu kwamba watu wenye bunduki walikuja wakaondoka na Baba. Mengine hatukukuambia. Hata sisi wenyewe, mimi na Mama, tumeyazungumza mara moja tu. Kwa hiyo pokea sasa kile ambacho ungepaswa kukipokea zamani.

Ilikuwa mchana, saa ya chakula. Shule ilifungwa mapema siku hiyo kwa sababu ya milio upande wa mlimani, na Baba akarudi na chaki bado vidoleni. Milio ilipokaribia, alisogeza meza hadi kwenye pembe ya chumba, akapanda, akalifungua lile bao la dari ambalo halikupigiliwa misumari, akampandisha Mama, halafu mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwambia apande na yeye. Akasema dari haitambeba, na kwamba lazima abaki mtu chini wa kurudisha meza mahali pake. Akalifunga bao. Tulimsikia akivuta meza, akivuta kiti, akikaa. Alijipakulia ugali akaanza kula, Yaya, ili wakiingia wamkute mtu aliye peke yake na chakula chake.

Waliingia. Walimwuliza familia iko wapi, akasema imekwenda Burundi tangu juzi. Walimpiga. Mama alinibana uso kifuani pake, akaniziba mdomo kwa kiganja, hata sasa nikifunga macho nasikia jinsi pete yake ilivyokuwa ikinikata. Kisha mmoja wao akaamuru mtu apande juu aangalie. Meza ikavutwa tena. Bao likafunguka. Mimi sikuona kitu kwa sababu uso wangu ulikuwa umefunikwa, na Mama aliyafumba macho, lakini aliniambia baadaye kwamba mwanga ulimpiga kwenye kope. Yule mtu alikuwa karibu nasi kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Akakaa hivyo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe kabla ya kuwaambia wenzake, "Hapana mutu huku. Iko panya tu." Akalirudisha bao.

Wakamchukua Baba. Sisi tulibaki juu mpaka mji ulipotulia.

Umewahi kujiuliza kwa nini Mama kila jioni, akimaliza kutuombea sisi, anaongeza, "Na yule mtu wako, Bwana, umlinde popote alipo"? Ulidhani anamwombea Baba. Anamwombea Baba kabla ya hapo. Yule mtu ni mwenye sauti ile. Miaka kumi na mmoja Mama amembariki mtu asiyemjua sura.

Basi nilikaa wiki nzima na jambo hilo tumboni. Nilijiambia kwamba maneno yale yanaweza kusemwa na yeyote, panya wapo kila nyumba. Lakini haikuwa maneno, ilikuwa pumzi kabla ya maneno. Nikaamua nitamwuliza kwa siri, kwenye konsoli, mahali ambapo ananisikia yeye peke yake. Niliona hiyo ndiyo njia ya heshima: kama si yeye, nitaomba msamaha, na hakuna atakayejua.

Jumatano iliyopita Mayi Kachale alianza somo kwa kuwafundisha wimbo mmoja wote pamoja. Alipomaliza simu yake ililia, akatoka nje kuipokea. Wanafunzi wakaendelea na wimbo uleule, nami nikadhani kila mtu anajisikia peke yake. Nilibonyeza namba saba. Sikuangalia pembeni. Kitufe cha watu wote kilikuwa bado kinawaka.

Nilimwuliza taratibu, kwa Kiswahili, kama mwaka 2002 alikuwa Uvira. Vidole vyake vikasimama. Akasema alikuwa. Nikamwuliza kama aliingia nyumbani kwa Mwalimu Étienne, yaani Baba, pamoja na watu wenye bunduki, mchana. Nilisubiri akane. Nilitaka akane, Yaya, Mungu ananiona. Alivuta pumzi, ileile, akaniuliza:

"We njo ule mutoto wa kule juu?"

Nikainua macho, nikakuta chumba kizima kimegeuka. Hakuna kidole kilichokuwa kikigonga. Rosalie alikuwa ameshika hedifoni yake kwa mikono miwili kana kwamba inamuunguza. Wamalawi, ambao hawakuelewa neno, walitutazama sisi tulioelewa na kuona kitu usoni mwetu. Ndipo nikakiona kile kitufe kimewaka, nikajua wote wamesikia.

Nyuma ya Byamungu hukaa Jean-Baptiste, yule kinyozi ambaye ndugu zake wawili waliuawa huko kwetu. Aliinuka. Waya wa hedifoni ulikatika shingoni mwake. Alimpiga Byamungu ngumi moja ya uso, na nyingine, na Byamungu hakuinua mkono kujikinga. Alianguka juu ya kinanda, na kwa sababu kitufe kilikuwa bado kinawaka, kila mtu aliyekuwa na hedifoni alipata masikioni sauti ya vibonye vyote vikilia kwa mara moja. Wengine walipiga kelele wakazivua. Mayi Kachale akaingia mbio akiuliza kwa Kichewa nini kimetokea. Byamungu alijifuta damu kwa shati, akaniangalia, akatoka.

Jioni hiyo Mchesi yote ilikuwa imejua. Walirusha mawe juu ya bati la fundi. Mtu mmoja aliandika neno baya mlangoni pake kwa mkaa.

Asubuhi ya Alhamisi, Esperance alikuja kwangu, mtoto mgongoni. Nilimkaribisha akae, akakataa. Alisema hakuja kugombana. Alisema watu waliokuwa wamempa mumewe vitambaa vya kushona wamekuja kuvichukua, na watoto wamerudishwa na wenzao kutoka kisimani. Kisha akaniambia jambo ambalo bado liko kichwani mwangu: "Siku bakikuita useme, useme kile unajua. Usiseme kile unaogopa." Akanipa habari kwamba Mchungaji ameitisha kikao Jumapili baada ya ibada, na kwamba mimi nitasimamishwa.

Nikaona siwezi kusimama mbele ya watu na kusema ninachokijua, wakati sijui kitu. Jumamosi mchana nilikwenda mwenyewe kwa fundi. Mlango ulikuwa umefungwa nusu. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani bila kushona, jicho moja limevimba. Aliponiona alisimama kama mwanafunzi anavyosimama mwalimu akiingia. Nilimwambia nataka kujua yote, na asinifichie hata kama ni baya. Yaya, kaa chini kama umesimama.

Alisema wakati ule alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Alitoka Fizi kwenye mashamba yao, akaja Uvira kukaa kwa shangazi yake. Siku ile wale watu walimkamata njiani na vijana wengine wawabebee mizigo. Hakupewa bunduki, hakuua mtu, nami namwamini. Alipomaliza kusema hivyo nikadhani hadithi imefika mwisho, nikaanza kulia kwa shukrani. Nilimwambia kuhusu Mama na sala yake ya kila jioni. Nilimwambia, mimi ni mzima leo kwa sababu yako.

Hapo akainua mkono kunizuia, akasema nisimshukuru kabla hajamaliza.

Alisema kwa miezi mitatu kabla ya siku ile alikuwa akiimba katika kwaya ya parokia. Mwalimu wa kwaya alikuwa Baba. Mimi sikumkumbuka; walikuwa vijana wengi na mimi mtoto. Wale watu walipomkamata, walimpiga kwa kitako cha bunduki wakitaka awaonyeshe nyumba ya mtu mwenye kitu cha kuchukua. Alikuwa mgeni mjini, nyumba alizozijua zilikuwa chache. Akawaambia, kwa mwalimu. Alifikiri saa ile mwalimu yuko shuleni na watoto wako shuleni, watakuta nyumba tupu, watachukua redio na mashuka, basi. Hakujua shule imefungwa mapema. Alipoingia nyuma yao akamkuta Mwalimu Étienne amekaa anakula.

Ndivyo alivyoniambia, kwa maneno yake, akiangalia sakafu: "Njo mimi nilibaonyesha nyumba yenu."

Nilisikia kabaza zikipita nje na kengele zao, nikashangaa kwamba watu bado wanaendesha baisikeli.

Akaendelea. Alisema Baba alimtazama usoni mara moja tu, kisha akamwangalia kama mtu asiyemjua. Hakumwita jina. Wakati ule yeye aliogopa kwamba Mwalimu amemchukia. Baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba wale watu wangejua wanafahamiana, wangemtumia yeye kumtesa Baba, au Baba kumtesa yeye. Walipomwamuru apande darini, alipanda. Alimwona Mama, aliuona mkono wake mdomoni mwangu. Akasema alichosema. Hakukipanga, kilimtoka.

Baba walimbebesha gunia na kumpeleka pamoja na wale vijana kwenye njia ya mlima, juu ya mto Kalimabenge. Byamungu alitembea nyuma yake. Walinzi waliposogea mbele kidogo, Baba alimwuliza bila kugeuka, "Kule juu uliona nini?" Akamjibu, "Panya tu, Mwalimu." Baba akasema asante. Byamungu akashindwa kuvumilia, akamwambia kwamba ndiye aliyewaonyesha nyumba. Baba akamjibu, "Najua. Nyamaza, tunza pumzi yako, mlima ni mrefu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya baba yetu, Yaya. Unakijua kifua chake, unajua jinsi vumbi la chaki lilivyokuwa limekiharibu. Hakufika nusu ya mlima. Alikaa chini kwenye jiwe, akatua gunia, hakuweza kuinuka. Walimpiga risasi palepale. Vijana wawili wakaachwa dakika chache wamwondoe njiani, Byamungu na mwingine ambaye hayuko tena. Walimlaza mahali njia inapokata kijito, wakamfunika kwa mawe. Byamungu anasema anaweza kupaonyesha mpaka leo. Usiku uliofuata alitoroka, akapita Tanzania, akafika huku.

Kwa hiyo Baba hatarudi. Najua lazima niliandike neno hili, hata hivyo nimelifuta mara mbili. Hayuko gerezani, hayuko kambi nyingine, hakupoteza kumbukumbu kama yule mtu wa Kigoma ambaye Mama hupenda kutusimulia. Alikufa siku ileile, mchana uleule, sisi tukiwa bado tumelala juu ya dari. Mama aliyekataa miaka yote kukaa na kundi la wajane kanisani alikuwa mjane kabla ya jua kuzama.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa.

Jana kikao kilifanyika uwanjani kwa kanisa. Watu walikuwa wengi kuliko ibadani. Jean-Baptiste alisimama mbele na vijana wake, na niliona wazi kwamba nikisema neno moja, yule mtu hatafika nyumbani kwake. Esperance alikuwa amekaa chini na watoto wote watatu. Mchungaji aliniita, akaniuliza kama mtu huyu alimwua baba yangu. Nikasema hapana. Akaniuliza alifanya nini basi nyumbani kwetu. Nikasema alichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo, akaamriwa apande darini, akatuona mimi na mama yangu, akawaambia hakuna mtu. Nilisema kwamba mimi ninayesimama hapa naishi kwa sababu ya mdomo wake. Kila neno lilikuwa kweli.

Kisha Mchungaji akaniuliza mbele ya wote kama kuna jingine ninalolijua kuhusu mtu huyu.

Nikasema hakuna.

Nilikuwa nimekwisha kuambiwa, Yaya. Nilikuwa nayajua yote tangu Jumamosi, na nikasema hakuna, mkono wangu ukiwa juu ya Biblia ya Mchungaji. Wanawake wakapiga vigelegele. Jean-Baptiste akaja mbele akilia, akapiga goti kumwomba Byamungu msamaha, na Byamungu alisimama pale na jicho lake lililovimba kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Hakuinua kichwa. Nilimtazama Esperance, nikaona kwamba na yeye anajua, na kwamba hatanishukuru wala kunilaumu.

Watu walipotawanyika, Byamungu alinifuata mpaka barabarani. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza, "Juu ya nini haukusema yote?" Nilimwambia sijui, na mpaka sasa sijui. Huenda ni watoto wake. Huenda ni mikono ya Jean-Baptiste. Huenda ni Mama, maana nikifungua mdomo hadharani, sala yake ya miaka kumi na mmoja inageuka kuwa kichekesho cha soko la Dzaleka. Byamungu akasema hawezi kukaa na vigelegele vile. Anataka kuja kwenu, aketi mbele ya Mama, aseme kwa mdomo wake mwenyewe, nyumba aliyoionyesha, na njia, na mawe. Lakini alisema hatakuja bila kuitwa na mtu wa nyumba yetu, na mimi nikamwambia kwamba si mimi nitakayemwita.

Najua yatakayotokea huko wiki hii. Watu watakuja mlangoni kwa Mama na pongezi. Watamwambia yule mtu wake amepatikana, yuko Lilongwe, ni fundi, ana watoto. Mama atataka kumpikia. Ataua yule kuku mweusi. Na hatajua kwamba mtu huyohuyo ndiye mwenye habari ya Baba, na habari yenyewe ni hiyo. Huwezi kumzuia asisikie nusu. Swali ni nani atampa nusu nyingine, na kama apewe.

Nimejaribu kuamua nimeshindwa. Nikimkumbuka Baba mezani na ugali wake, nataka Byamungu aondoke Malawi nisimwone tena. Nikikumbuka lile bao likirudi mahali pake, taratibu, bila kugongwa, nataka nimbusu mikono. Mambo hayo mawili yananijia kwa mara moja, na hakuna linalomshinda mwenzake. Mimi siwezi kuwa hakimu, kwa sababu pumzi ninayopumua alinipa yeye. Mama hawezi, kwa sababu hiyohiyo.

Lakini wewe hukuwa darini, Yaya Régine. Wewe hukumsikia. Katika nyumba yetu ni wewe peke yako ambaye huna deni la uhai kwake, wala la shukrani. Kwako amechukua tu, hakurudisha kitu. Baba alikuwa wako miaka saba kabla hajawa wangu. Kwa hiyo nimelileta kwako. Ukisema Mama aambiwe, nitakuja nikae kando yake wakati anaambiwa. Ukisema Byamungu aitwe, nitapanda naye gari hadi Dowa, huko kambini kwenu, na kumleta mpaka mlangoni. Ukisema tunyamaze, nitanyamaza, na ule uongo wa Biblia nitaubeba peke yangu. Na ukisema nisimame tena Jumapili ijayo niwaambie watu niliyoyaficha, nitasimama, hata kama najua Jean-Baptiste atafanya nini. Sitabishana nawe. Nakuomba tu usiamue siku ya kwanza. Lia kwanza; mimi nililia Jumamosi usiku kucha, wewe bado hujamlilia baba yako kama mtu aliyekufa.

Mshike Mama mkono kwa niaba yangu, bila kumwambia ni kwa nini. Wabusu watoto, mwambie shemeji namheshimu na kwamba shati lake liko tayari, ila limebaki kwa yule fundi na sijui kama nilichukue. Jibu lako mpe Maman Annie anaporudi Ijumaa. Mungu awape usingizi mwema kuliko wangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki kwa ajili ya neno la mtu,

Arlène